Ngama ya Nchi Kavu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi wakati wa kiangazi, afikapo kwenye daraja la Mto Matandu, huona mchanga mpana na ukanda mwembamba wa maji unaojipitia katikati yake. Yumkini akajiuliza daraja refu kiasi hicho lilijengwa kwa ajili ya nini. Jawabu huletwa na mvua. Mwezi wa Januari mwaka 2020 mito ya Kilwa na Lindi ilifurika kwa mpigo mmoja. Watu walikufa, maelfu wakakosa makazi, na vijiji vya bondeni, Njinjo kikiwa kimojawapo, vikazingirwa na maji. Mchanga uliokuwa ukionekana wa bure kumbe ulikuwa na mwenyewe. Mto ulikuwa umeuacha kwa muda tu, na siku hiyo ulirudi kuchukua chake, ukachukua na cha jirani.

Historia ya pwani hii imeandikwa zaidi kwa upande wa bahari. Ni historia ya majahazi, ya dhahabu ya Sofala, ya masultani, na ya Wareno walioiteka Kilwa mwaka 1505. Upande wake wa pili, ule wa mito ishukayo kutoka bara, haukupata waandishi wengi. Hata hivyo watu wengi wa Kilwa na Lindi wameishi kwa fadhila ya mito hiyo, na wengine wamekufa kwa ghadhabu yake. Katika karne moja na ushei iliyopita, kila serikali iliyotawala hapa imekuwa na shauri lake juu ya mabonde hayo. Ndani ya mashauri yote hayo limejificha swali moja: mafuriko yapewe nafasi wapi, na nani aihame nafasi hiyo ili mwengine alale salama?

Mabaharia wana neno linaloweza kulifungua swali hili. Chini kabisa ya jahazi, penye kina cha mwisho cha chombo, pana nafasi iitwayo ngama. Hapana chombo cha mbao kisichovuja, wala nahodha mwenye akili hajidanganyi kwamba chake hakivuji. Maji yapenyayo baina ya mbao huachiwa yatelemkie ngamani, na baharia huyafua kwa upo na kuyarudisha baharini. Shehena haipangwi mahali hapo. Tajiri mwenye pupa anaweza kuitazama nafasi ile akahesabu magunia mangapi yangeingia. Lakini akiijaza, maji hayatakuwa na pa kwenda ila kwenye magunia yenyewe. Wahenga waliosema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani walikijua vyema chombo walichokipanda.

Wahandisi wa maji nao wana ngama yao. Ni bwawa linalojengwa ili likae tupu. Ukuta mnene hukingamishwa bondeni, na chini yake huachwa matundu yasiyo na mlango. Siku za kawaida mto hupita humo kana kwamba ukuta haupo. Siku ya gharika maji huja mengi kuliko yawezayo kupenya. Ya ziada hurudi nyuma, yakapanda, yakalifunika bonde lililo juu ya ukuta kwa siku kadhaa, huku vijiji vya chini vikiona mto uliojaa lakini usiovunja kingo zake. Kisha bonde hujimwaga lenyewe taratibu, likakauka, likarudi kuwa malisho au shamba. Hahitajiki mlinzi wa kuamka usiku wa manane kufungua chochote, kwani ukubwa wa tundu ndio sheria, na sheria hiyo ilikwisha kukatwa siku ukuta ulipojengwa.

Bwawa lijulikanalo na wengi ni la namna nyingine. Hilo ni mtungi, na thamani yake ni maji yaliyomo. Mtungi na ngama vyote vinapokea maji, lakini mtungi mtupu ni aibu ya nyumba, na ngama iliyojaa ni hatari ya chombo. Atakaye umeme au maji ya kumwagilia mashamba hupenda ukuta wake uwe umeshika maji mengi kadiri iwezekanavyo. Atakaye kinga ya gharika hupenda nyuma ya ukuta uleule pawe na nafasi kubwa kadiri iwezekanavyo. Wawili hawa wakishirikiana ukuta mmoja, kila shubiri aipatayo mmoja hutoka kwa mwenziwe.

Ustaarabu wa Kilwa Kisiwani ulikuwa wa mtungi. Kisiwani hapana mto. Mji alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, uliishi kwa visima na kwa maji yaliyowekwa akiba. Jumba la Husuni Kubwa, linalonasibishwa na sultani huyo, lina birika la pembe nane lililojengwa juu ya jabali likiitazama bahari, na kila tone lililolijaza liliteremshwa na mawingu au lilichukuliwa kwa mkono wa mtu. Katika mji wa namna hiyo utukufu ulikuwa ni kuwa na maji. Sanaa ya kuyapisha haikuhitajika.

Ng'ambo ya bandari mambo yalikuwa kinyume. Mto Mavuji humwaga maji yake katika hori iliyo nyuma ya kisiwa. Matandu huingia baharini karibu na Kilwa Kivinje, Mbwemkuru huikata nchi iliyo baina ya Kilwa na Lindi, na Lukuledi huishia katika ghuba ya Lindi. Mito hii inafanana kwa tabia. Mvua zake huanza mwishoni mwa mwaka zikafika Aprili au Mei, kisha ikanywea. Asili yake i mbali, katika nyanda za Liwale, Nachingwea na Masasi, na kwa hiyo furiko linaweza kumfikia mkulima wa karibu na pwani siku ambayo juu ya kichwa chake hapana hata wingu. Na kila furiko lipitapo huacha udongo mpya. Ndiyo sababu watu hawayakimbii mabonde, kwani mpunga na mahindi hustawi palepale penye hatari. Mwenye kuwalaumu kwa kukaa bondeni, na awaoneshe kwanza huko juu udongo wenye kulisha kama ule.

Namna watu walivyoishi na maji ya aina hii imechunguzwa zaidi katika jirani ya kaskazini ya Kilwa, yaani bonde la Rufiji, ambalo Milima ya Matumbi huliangalia kutoka kusini. Warufiji walilima kwa kuufuata mto. Walipanda mpunga kwa mvua wakalisubiri furiko liukuze, na maji yaliporudi mtoni wakapanda tena katika tope lenye unyevu, kilimo wanachokiita mlau. Mashambani walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, ambamo mtu aliweza kuulinda mpunga na wanyama na pia kukaa huku maji yakipita chini yake. Furiko la kiasi lilikuwa neema. Lilirutubisha ardhi, likayajaza upya maziwa madogo ya kandokando ya mto, likaleta samaki. Furiko lililopita kiasi lilileta njaa. Wenyeji waliishi ndani ya ngama hali ya kuijua kuwa ni ngama, nyumba zao zikiwa nyepesi na miguu yao ikiwa tayari kusogea.

Mto huohuo ulikuwa na heshima ya ibada. Kwenye maporomoko yake ya Mpanga watu wa mbali na karibu walikwenda kwa Bokero kuombewa mvua na mavuno. Masimulizi ya wazee, yaliyokusanywa katika miaka ya 1960 na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yanaeleza jinsi Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alivyochukuliwa na mzimu akazama katika kina cha maji, kisha akaibuka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Kwake ndiko ilikotoka dawa ya maji. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, mahali palipo sasa katika Wilaya ya Kilwa, waling'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro, karibu na delta ya Rufiji. Vita hivyo vilitungiwa utenzi na Abdul Karim bin Jamaliddini, utenzi uliotolewa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, akaviandikia tamthilia ya Kinjeketile, na kumwonesha mtu aliyeahidi kinga kisha akauona uzito wa ahadi yake. Katika nchi hii, basi, neno kinga si neno jepesi. Aliyewahi kuambiwa kwamba maji yatamkinga na risasi ana haki ya kuuliza maswali anapoambiwa kwamba ukuta utamkinga na maji.

Wajerumani waliyatazama maporomoko ya Rufiji kwa jicho jengine. Korongo lililo hapo lilipewa jina la Stiegler, Mzungu aliyeuawa na tembo mahali hapo mwaka 1907, na kwa zaidi ya miaka mia moja jina hilo likawa jina la ndoto ya bwawa. Waingereza waliowafuata walikuwa na haja nyingine na ardhi. Katika miaka ya 1940, kwa hoja ya kuzuia malale, maelfu ya wakazi wa Liwale walihamishwa kutoka vijiji vyao, na nchi waliyoiacha ikaunganishwa na pori la akiba la Selous. Tukio hili linahusiana sana na mito ya Kilwa, kwa sababu Liwale ndiko yatokako maji ya Matandu. Nchi ya juu ya mto ilifanywa tupu kwa amri. Katika ramani ilionekana kana kwamba haikuwa na watu tangu awali, ilhali makaburi na miembe ya waliohamishwa ilibaki ndani yake.

Baada ya uhuru zamu ilikuwa ya bonde la Rufiji. Furiko kubwa la mwaka 1968 liliipa serikali sababu ya kuwaondoa watu bondeni, na mwaka 1969 Operesheni Rufiji ikawapeleka kwenye vijiji vilivyopangwa katika nchi ya juu, kaskazini ya mto. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, na usingizi usiokatizwa na maji. Lakini udongo wa rutuba haukuhama pamoja na watu. Wakulima waliendelea kurudi bondeni kila msimu, wakitembea mwendo mrefu, na wengi wakawa na kwao kuwili, nyumba juu na riziki chini. Furiko la mwaka 1974 liliwakuta wengine huko chini wakilinda mashamba. Mtu anaweza kuhamishwa na bonde kwa siku moja. Bonde kumhama mtu ni jambo jengine.

Mwaka 1975 iliundwa mamlaka ya kuliendeleza bonde hilo, RUBADA, na wataalamu wa Norwei wakafanya utafiti mrefu juu ya ukuta wa kujengwa korongoni. Ukuta huo ulikusudiwa ufanye kazi tatu kwa pamoja: uzalishe umeme, umwagilie mashamba, na uzuie mafuriko. Hapa ndipo mtungi na ngama vilipotiwa katika chombo kimoja. Wako wachunguzi walioonya tangu wakati huo kwamba wakulima wa chini hawakutaka mafuriko yakomeshwe. Walitaka yawe ya kiasi. Mradi ule uliwekwa kando katika miaka ya 1980 kwa kukosa fedha na kwa kukosa wanunuzi wa umeme mwingi kiasi hicho.

Ndoto ilirudi baada ya miongo mitatu. Mkataba wa ujenzi na kampuni za Misri ulitiwa saini Desemba 2018, jiwe la msingi likawekwa Julai 2019, na tarehe 22 Desemba 2022 maji yakaanza kuzuiliwa. Bwawa la Julius Nyerere lina ukuta wa urefu wa mita 131 kwenda juu, na mitambo yake imepangiwa kuzalisha megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingizwa kazini Februari 2024. Wakati huohuo, mvua kubwa za msimu wa El Niño zilikuwa zikiendelea kunyesha katika nyanda za juu. Bwawa lilikuwa limekaribia kujaa, na maji hayakuwa na budi kufunguliwa. Aprili 2024 mafuriko yaliyafunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, Mohoro pakiwamo, mji uleule aliponyongewa Kinjikitile.

Serikali ilieleza kwamba bila ya bwawa gharika ingekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa sehemu ya maji ilikwisha kuzuiliwa. Wakulima walijibu kwa kuyaonesha mahindi yao yaliyozama. Pande zote mbili zilikuwa na haki ya kusema zilichokisema. Bwawa linaweza kupunguza furiko, lakini kwa kadiri ya nafasi tupu iliyomo tu. Na bwawa la umeme lenye nafasi tupu nyingi ni bwawa ambalo wenye mitambo wanasubiri kwa hamu lijae. Wakazi wa chini ya ukuta walikuwa wamesikia kwa miaka mingi kwamba mafuriko yatakuwa hadithi ya kale. Aliyeusikia usemi huo akajenga nyumba ya matofali pale ambapo babu yake alijenga dungu hakufanya upumbavu, kwa kuwa aliiamini ahadi ya kinga.

Ubishi huu wa mtungi na ngama uliwahi kukatwa waziwazi katika nchi ya mbali, na hukumu yake inafaa kusomwa hapa. Machi 1913, katika bonde la mto Great Miami huko Ohio, Marekani, gharika iliua zaidi ya watu 360, wengi wao katika mji wa Dayton na jirani zake. Wenyeji walikimbilia kwenye madari ya nyumba zao, na humo, katika giza na baridi, waliwekeana nadhiri kwamba wakisalimika jambo lile halitajirudia. Mwezi wa Mei mwaka huohuo walichangishana ahadi za dola zaidi ya milioni mbili, wakikumbushana hadharani yale waliyoyaahidi wakiwa darini. Kazi alipewa Arthur Morgan, mhandisi ambaye hakuwa na shahada ya chuo kikuu na aliyeanza kwa kujifunza upimaji wa ardhi kwa baba yake.

Morgan na wenziwe walijenga kuta tano baina ya mwaka 1918 na 1922. Ule wa Englewood peke yake una karibu kilomita moja na nusu kutoka upande mmoja wa bonde hadi wa pili. Hazina milango. Palipotajwa shauri la kuziweka mitambo ya umeme ili fedha zirudi, wahandisi walikataa kwa hoja kwamba bwawa lenye kazi mbili litasahau ile isiyoleta faida kila siku. Ardhi iliyo nyuma ya kuta hulimwa na kulishiwa, lakini haijengwi nyumba. Sharti hilo limeandikwa katika hati za umiliki, na hurithiwa pamoja na ardhi. Tangu zilipokamilika, kuta hizo zimezuia maji ya mafuriko zaidi ya mara 2,000, na Dayton haikupata tena gharika ya namna ile.

Hata hivyo ngama ile haikupatikana bure. Watu wa wilaya za juu ya mto walipinga kwa nguvu kwamba nchi yao izame ili mji wa chini upone. Kijiji cha Osborn, kilichokuwa ndani ya bonde litakalofunikwa na maji nyuma ya mmojawapo wa kuta hizo, kilihamishwa chote. Nyumba kwa mamia ziling'olewa kwenye misingi yake na kuburutwa hadi mahali papya, na njia ya reli nayo ikahamishwa. Tofauti na Liwale na Rufiji ni kwamba mambo haya yalipitia bungeni na mahakamani, ardhi ikalipwa, na gharama ikagawanywa kwa waliofaidika, kila mmoja kwa kadiri ya manufaa aliyoyapata. Waliokingwa walijua ni nani aliyewakinga, na kwa kiasi gani.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na nyoyo za watu wa pwani. Oman, ambako wengi wenye asili ya Unguja na Mrima wanaishi na kuzungumza Kiswahili, mabonde yao, wadi, hukaa makavu karibu mwaka mzima. Bwawa la Al Khoud, magharibi ya Maskati, lilijengwa mwaka 1985 ili lizuie maji ya wadi yasikimbilie baharini, yatulie, kisha yaachiwe yanywewe na ardhi na kuvijaza visima. Kilipopiga kimbunga cha Gonu mwezi wa Juni 2007, wadi zilishuka mjini na kubeba magari, barabara na watu. Baada ya msiba ule, kuta za kukinga mafuriko zilijengwa katika milima iliyo nyuma ya mji, ukiwamo ule wa Al Amerat kwenye Wadi Adai. Mgeni akiuona ukuta mkubwa kama ule umesimama mbele ya changarawe tupu, huenda akadhani mradi umekwama. Mwenyeji aliyekuwapo mwaka 2007 hadhani hivyo.

Vimbunga si habari ya Oman peke yake. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga pwani ya Lindi na kuua watu. Mei 2024 kilikuja kimbunga Hidaya, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya kusini katika sehemu za Somanga na Mikereng'ende, wilayani Kilwa. Kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara hazikuwa na njia ya magari ya kuelekea Dar es Salaam kwa upande wa pwani. Anayekumbuka kanuni ya bwawa tupu ataliona tukio hili kwa uwazi zaidi. Barabara iliyoinuliwa juu ya bonde ni ukuta, na makalvati yake ni matundu. Waliojenga hawakukusudia bwawa, lakini maji hayasomi makusudio. Yalipokuta tundu dogo yalipanda nyuma ya tuta, na kwa kuwa tuta halikujengwa kwa ajili ya kustahimili kazi hiyo, likavunjika. Pwani hii basi ina mabwawa matupu mengi, ila yamejengwa kwa bahati mbaya, kila moja likiwa na daraja lililohesabiwa kwa mvua za jana.

Mito ya Kilwa na Lindi ni midogo ukiilinganisha na Rufiji, na udogo huo ni nafasi njema. Ngama za asili bado zimo: vinamasi, mabwawa ya kandokando ya mto, mashamba ya mpunga yapendayo kuzama kwa siku chache, na mikoko ya midomo ya mito. Lakini nafasi hizo zinazidi kujaa shehena. Tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walioondolewa Usangu na Ihefu walielekezwa Lindi na mifugo yao, kwa hoja kwamba huku kuna ardhi tupu. Wakulima waliokuwapo walijua kwamba ardhi hiyo haikuwa tupu, na ugomvi wa maji na malisho uliofuata umeacha majeraha. Neno tupu limekuwa likisemwa na watu wa mbali juu ya nchi hii kwa muda mrefu, na kila lilipotamkwa kuna mtu aliyefungishwa virago.

Hapo ndipo penye ugumu wa jambo lenyewe. Utupu unaokinga ni utupu wenye wenyewe, wenye kujulikana mipaka yake, na wenye kulindwa na watu waliokubaliana. Mshairi hana haja ya kuelezwa hili. Baina ya ukwapi na utao pana pumzi isiyotamkwa, na mwimbaji akiijaza maneno, mshororo huanguka. Bonde linaloachiwa maji ya Matandu linaweza kulimwa, likalishiwa, likavuliwa samaki, maadamu hapana atakayepewa kiwanja ndani yake na hapana atakayenyang'anywa shamba kwa jina lake bila ya kulipwa. Kijiji cha chini kinachookoka kina deni kwa kijiji cha juu kinachokubali mpunga wake uzame. Deni hilo likiandikwa na kulipwa, ukuta hata wa udongo utasimama. Lisipoandikwa, hata ukuta wa zege utakuwa ni ukuta baina ya jirani na jirani.

Mafundi na manahodha wa majahazi bado wanaonekana katika bandari za Kilwa. Chombo kikitaka kung'oa nanga, yuko kijana ambaye kazi yake ni kushuka chini kabla ya tanga halijatwekwa. Huondoa kilichoangukia ngamani, kamba au kifuu au gunia lililoteleza, hufua maji yaliyokusanyika usiku, kisha hupanda juu kumwarifu nahodha kuwa ngama i wazi. Abiria waliokaa juu ya magunia hawamsikii, na wengi wao hawajui alikuwa wapi.